Kalenda ya Jikoni: Uchambuzi wa Kisa cha Mbwa Mwenye Figo Zilizoshindwa

Kisa hiki kinamhusu mbwa aitwaye Jeki, aliyeishi na familia ya mwalimu mstaafu kwenye mteremko wa mawe wa Bugarika jijini Mwanza, na ambaye nilimpumzisha kwa mkono wangu jikoni kwao muda mfupi baada ya saa kumi alfajiri, katika saa ambayo hakuna aliyekuwa ameipanga. Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu tiba yenyewe haikuwa na kasoro ya kunikosesha usingizi. Kilichokwenda mrama ni wakati. Tulichelewa kwa muda usiopungua wiki moja, na tulichelewa tukiwa na kipimo ukutani, kipimo nilichokitoa mimi mwenyewe na ambacho familia ilikijaza kila jioni bila kukosa hata siku moja.

Nianze na neno. Nitasema "kupumzisha" kwa kuwa ndilo linalotumika majumbani, lakini kwenye fomu ya ridhaa huwa ninaandika waziwazi kwamba mnyama atauawa kwa huruma kwa kuchomwa sindano, na ninamsomea mwenye mnyama sentensi hiyo kwa sauti. Zamani niliandika "kulazwa". Niliacha siku mama mmoja aliposaini, akaaga, kisha akaniuliza arudi saa ngapi kesho kumchukua mbwa wake, kwa maana alielewa kuwa anamlaza kama mgonjwa anavyolazwa hospitali. Tangu hapo siamini neno laini katika jambo lisilorudi nyuma.

Jeki alikuwa dume wa miaka 12, chotara wa mbwa wa kienyeji na jamani shepadi, mwenye chanjo ya kichaa cha mbwa isiyopitwa na wakati. Aliletwa mwezi wa pili kwa sababu alikuwa akinywa maji kupita kiasi, akikojoa sebuleni usiku jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu akiwa mtoto, na akitapika povu la njano kila asubuhi. Mwaka uliotangulia nilimpima kilo 26, na siku hiyo mizani ilisoma 21. Fizi zake zilikuwa zimepauka, kinywa kilinuka kama mkojo uliolala, na pembeni mwa ulimi palikuwa na vidonda viwili vyenye ukingo wa kijivu. Nilipompapasa tumbo, figo zilikuwa ndogo na zenye mabonde. Majibu ya damu yalionyesha kreatinini, taka ya mwili ambayo figo hupaswa kuitoa, mikromoli 520 kwa lita, na mkojo ulikuwa mwepesi karibu kama maji, uzito wake ukilinganishwa na maji ukiwa 1.010, ikiwa na maana kwamba figo zimeacha kabisa kazi ya kuukoleza.

Kwa mgawanyo wa kimataifa unaotumiwa kupanga ngazi za ugonjwa huu, mbwa aliyevuka 440 yuko ngazi ya 4, na hakuna ngazi ya 5. Jambo gumu kulieleza kwa familia ni kwamba kreatinini huanza kupanda pale takriban robo tatu ya uwezo wa figo inapokuwa imeshapotea, kwa hiyo mnyama anayeonekana "ameanza kuumwa juzi" amekuwa akipoteza figo zake kimyakimya kwa miezi mingi. Mwalimu alijilaumu kwamba hakuona. Nilimwambia ukweli kwamba hata mimi nilimpima mwaka uliopita na sikuona.

Lakini kabla ya kutaja mwisho, wajibu wa kwanza ni kutafuta kinachotibika. Mbwa wetu wa Kanda ya Ziwa hupata maradhi ya kupe yanayoweza kuharibu damu na figo, na hupata leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania wengi waliufahamu kwa jina la homa ya mgunda mwaka 2022 ulipozuka Lindi, na ambao mbwa huweza kuupata kwenye madimbwi yenye mkojo wa panya na kuupitisha kwa binadamu. Figo iliyoumizwa ghafla na ugonjwa huo yaweza kupona kwa dawa na maji ya mshipani, na kumpumzisha mnyama wa namna hiyo kwa sababu ya namba moja ya maabara litakuwa kosa lisilosameheka. Kwa hiyo tulichukua sampuli, tukamwanzishia doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, tukamweka kwenye dripu siku tatu mfululizo, na nikamtaka kijana anayepiga deki kliniki avae glavu. Vipimo vya maradhi hayo havikuonyesha kitu, kreatinini ilishuka hadi 470, ikagoma hapo. Figo ndogo zenye mabonde, upungufu wa damu na kilo tano zilizopotea vilikuwa vinasema jambo moja: huu ni ugonjwa wa muda mrefu, na tulichobakiwa nacho ni kumpunguzia taabu.

Binadamu aliye katika hali hiyo angeelekezwa hospitali ya Bugando kusafishiwa damu kwa mashine. Mbwa wa Mwanza hana mlango wa namna hiyo. Tulimpa dawa ya kuzuia kichefuchefu, tukamfundisha binti wa Mwalimu kumtia maji chini ya ngozi ya mgongo kwa dripu iliyotundikwa kwenye msumari wa dirisha, na tukabadili chakula. Hapo kwenye chakula ndipo tulipoumia wote. Jeki alikuwa amelelewa kwa ugali na dagaa, kama mbwa wengi wa mji huu, na dagaa anayeliwa mzima na miba yake amejaa madini ya fosforasi, ambayo ndiyo figo zilizochoka hushindwa kuitoa. Nilimwondolea dagaa, nikaagiza wali laini, yai kidogo na mafuta. Alikula siku nne kwa heshima tu, kisha akawa anakaa mbele ya sahani akimtazama Mwalimu. Baada ya wiki mbili niliruhusu dagaa wachache waliolowekwa na kuondolewa vichwa, na sijutii, kwa kuwa katika ngazi ile mlo kamili usioliwa haumsaidii mnyama kitu.

Siku ya kumrudisha nyumbani niliketi na Mwalimu barazani, pale ambapo ziwa linaonekana kati ya mawe mawili, nikamwomba aniambie mambo matatu ambayo Jeki huyafanya kwa hiari yake. Hakufikiri sana. Huenda getini anaposikia pikipiki ya binti akirudi kutoka soko la Mwaloni. Hupanda jiwe la nyuma ya nyumba saa kumi jioni kuota jua. Huomba chakula kwa kuweka kidevu juu ya goti. Nikamwambia tuhesabu siku kwa hayo: siku ambayo atafanya mawili au zaidi ni siku njema, siku ambayo atafanya moja au asifanye lolote ni siku mbaya, na zikifika siku mbaya nne ndani ya siku saba, anipigie simu nije, na nikija tutazungumzia kumpumzisha. Alikubali. Alitundika kalenda ya chama cha akiba na mikopo cha walimu jikoni karibu na jiko la mkaa, akafunga kalamu nyekundu kwa uzi kwenye msumari, akaanza kuweka vema na kosa kama alivyofanya kwenye madaftari kwa zaidi ya miaka 30.

Nilikuwa nikipiga simu kila Jumatatu. Nilisema, "Shikamoo Mwalimu, mgonjwa wetu anaendeleaje?" Naye alijibu, "Marahaba mwanangu, hajambo, tunamshukuru Mungu." Wiki ya kwanza hajambo, ya pili hajambo, ya tatu hajambo, ya nne "hajambo kidogo". Niliridhika. Leo ninalitazama swali langu na kuona kwamba lilikuwa salamu, na salamu katika lugha yetu ina jibu lake lililokwisha pangwa tangu mtu akiwa mtoto. Hata mtu aliyefiwa jana huanza kwa kusema hajambo, ndipo aeleze msiba. Mimi nilikuwa nikikata simu kabla ya msiba kuelezwa.

Alhamisi ya wiki ya tano nilipita bila kuitwa, nikiwa nimetoka kuchanja mbwa wa jirani. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na ngazi za mawe zilikuwa zinateleza. Jeki alikuwa amelala kwenye gunia kandoni mwa jiko, mgongo umejikunja, macho yameingia ndani. Nilivuta ngozi ya shingo ikabaki imesimama kama hema. Kwa kukadiria kwa mikono, alikuwa amebaki na kilo 18. Hakulia nilipomgusa, na binti alisema jambo ambalo huwa ninalisikia kila mwezi: "Lakini halii, Daktari, kwa hiyo hana maumivu." Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu mara nyingi halii kabisa. Hujitenga, huacha kugeuka akiitwa, hulala namna moja kwa saa nyingi, hupumua kwa kasi akiwa hajakimbia. Kimya chake si ushahidi wa raha.

Kisha nikaisoma kalenda, jambo ambalo nilipaswa kulifanya wiki tatu kabla. Wiki ya nne ilikuwa na vema tano. Nikashangaa, nikasogea karibu. Vema za wiki ya kwanza zilikuwa kubwa, zimechorwa kwa mkono mmoja wa haraka, mkia wake umevuka mstari wa kisanduku. Za wiki ya nne zilikuwa ndogo, zimesukumwa pembeni, na chini ya kila moja palikuwa na neno moja kwa mwandiko mwembamba: "kanusa", "mkia", "kafumbua macho", "kanywa", na moja iliyoandikwa "kanitazama". Hakuna hata moja iliyotaja geti, jiwe wala goti. Mwalimu hakudanganya. Kila alichokiandika kilikuwa kimetokea, na aliandika sababu yake kwa uwazi ili asijidanganye. Ila kiwango cha kufaulu kilikuwa kimeshuka ngazi moja kila siku chache, kikishuka sambamba na mbwa mwenyewe, kiasi kwamba mbwa hakuweza kufeli tena.

Nilitumia kipimo cha pili palepale, kile kilichotungwa mwaka 2004 na daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, ambacho humpa mnyama alama 0 hadi 10 katika mambo saba: maumivu, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na wingi wa siku njema kuliko mbaya. Jumla iliyozidi 35 huonyesha kwamba maisha bado yanabebeka. Siku anatoka kwenye dripu nilikuwa nimempa 46. Alhamisi ile, tukihesabu pamoja na binti kwa sauti ili kila alama ibishaniwe, tulipata 22. Binti alitaka kuongeza alama za furaha, kisha mwenyewe akazirudisha.

Mwalimu alinyamaza muda mrefu. Alichokisema kwanza kilikuwa kwamba uhai ni wa Mungu na yeye hana mamlaka ya kuukatisha. Sikubishana naye, na sidhani kama ni kazi ya daktari wa mifugo kubishana na imani ya mtu mzima ndani ya nyumba yake. Nilimweleza tu kile kinachokuja ikiwa hatutafanya lolote, kwa sababu wengi wanaosema "aachwe afe mwenyewe" wanawaza usingizi, ilhali kifo cha figo mara nyingi si usingizi: sumu hujaa kwenye damu, kutapika huongezeka, vidonda vya kinywa hufunguka, degedege huweza kuja, na siku za mwisho huweza kuwa nyingi. Ndipo akaniuliza, akiniangalia usoni, "Na mimi nikiugua figo, mwanangu, utanichoma sindano?" Nilimjibu kwamba yeye ataulizwa, na atasema anachotaka, na ataelewa kwa nini anaumia na kwamba kesho huenda ikawa nafuu. Jeki hawezi kuulizwa wala kuelezwa. Kwake hakuna kesho ya kuvumilia kwa ajili yake, kuna leo tu inayouma, na sisi ndio tulioamua kwa niaba yake tangu siku ya kwanza: tulimchanja bila kumuuliza, tukamtia dripu bila kumuuliza. Alisema, "Basi." Akaenda kufunika sufuria ambayo ilikuwa imeshafunikwa.

Hapa nataja kwa kifupi ushauri wa jirani, kwamba angepewa sumu ya panya kwenye nyama au angepelekwa mbali na kuachwa huko mawe yalikoisha. Watu husema hivyo bila chuki, kwa kudhani ndiyo njia ya bei nafuu. Aina nyingi za sumu hiyo huua kwa siku kadhaa za kutokwa damu ndani, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hairuhusu mnyama kutendewa ukatili. Mwalimu hakuhitaji kuambiwa.

Tulikubaliana Jumamosi jioni, ili kijana wake aliyekuwa anakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam amkute Jeki akiwa hai. Yeye ndiye aliyemleta nyumbani akiwa kitoto ndani ya boksi la sabuni. Niliona siku mbili ni chache. Nilimwongezea dawa ya kutuliza maumivu na ya kichefuchefu, nikaondoka. Huo ndio uamuzi ninaoujutia kuliko mengine yote ya kisa hiki, kwa sababu niliupima kwa haja ya mwanadamu anayesafiri, wakati 22 niliyoiandika kwa mkono wangu ilikuwa inanisomea jambo jingine. Ningeweza kusema: leo jioni, juani, juu ya jiwe, na kijana aage kwa simu. Sikusema.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, saa tisa na ushee, binti alipiga simu. Degedege la kwanza lilikuwa limepita na la pili lilikuwa linaanza. Nilifika kwa bodaboda, umeme haukuwepo. Kwa kawaida huwa ninachoma kwanza dawa ya usingizi kwenye msuli, mnyama analala usingizi mzito kichwa kikiwa mapajani mwa mtu wake, kisha ninaweka kanula, kijibomba chembamba cha mshipani, kwenye mguu wa mbele na kumpa pentobarbitali, na moyo husimama ndani ya dakika chache. Safari hii mwili ulikuwa umekauka kiasi kwamba mishipa ilikuwa imelala. Nilitafuta mshipa kwa tochi ya simu aliyoishika mjukuu wa darasa la sita, nikakosa mguu wa kulia, nikakosa wa kushoto, nikaupata wa nyuma. Nilimweleza kila nitakachofanya kabla ya kukifanya, na kwamba macho hayatafumba, na kwamba huenda mwili ukavuta pumzi moja au mbili baada ya moyo kusimama bila Jeki kuhisi chochote. Ulivuta moja. Tochi haikutikisika. Nilisikiliza kifua kwa dakika tano kamili, kwa kuwa familia inayolia husikia mapigo ambayo hayapo, na mtu mmoja lazima awe na hakika.

Kuzika nako kulikuwa na uzito wake. Kwenye mawe ya Bugarika udongo hauzidi kina cha jembe, na mnyama aliyekufa kwa pentobarbitali hafai kufukiwa juujuu wala kutupwa jalalani: dawa hubaki ndani ya nyama, na mbwa, mwewe au wale korongo wakubwa wenye vipara wanaoshinda kwenye majalala ya jiji hili wakimla wanaweza kufa. Kijana aliposhuka stendi ya Nyegezi mchana, tulimpakia Jeki kwenye kirikuu hadi shambani kwa Mwalimu huko Kisesa, mbali na kisima, tukachimba zaidi ya mita moja, tukaweka mawe juu.

Nilirudi Bugarika wiki iliyofuata kuchukua sindano na mipira iliyobaki, kwa kuwa vitu hivyo havipaswi kukaa nyumbani. Mjukuu alinionyesha daftari lake la hesabu. Nyuma kabisa, kwenye kurasa zenye mistari ya miraba, alikuwa ametengeneza kalenda yake mwenyewe kwa penseli, akitumia sheria ileile ya geti, jiwe na goti niliyoitaja barazani akiwa amekaa kwenye ngazi. Kwake, wiki ya tatu ilikuwa tayari na makosa manne, na wiki ya nne makosa saba. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka saa kumi na moja kupiga deki matapishi na mkojo kabla bibi yake hajaamka, na alichokuwa akikiona alfajiri kilikuwa tofauti na kilichokuwa kikionekana jioni baada ya Jeki kufutwa, kugeuzwa na kulazwa kwenye gunia safi. Kwa hesabu ya daftari lile, simu ilipaswa kupigwa karibu wiki mbili kabla ya Alhamisi yangu. Hata tukitoa wiki nzima kwa ajili ya familia kujadiliana na kujiandaa, Jeki angepanda jiwe lake mara ya mwisho mwenyewe.

Nimebadili mambo matatu katika kazi yangu. Maana ya siku njema ninaiandika kwa maneno juu ya kalenda yenyewe siku ya kwanza, na kila Jumapili ninaomba nitumiwe picha ya ukurasa, ili kiwango kikianza kushuka mtu asiyelala na mnyama huyo akione. Kwenye simu siulizi tena anaendeleaje. Ninauliza leo asubuhi alisimama mwenyewe au aliinuliwa, na alitapika mara ngapi kabla ya chai. Na kabla ya kuondoka nyumbani kwa mtu ninauliza ni nani anayepiga deki alfajiri, kisha ninampa huyo kalamu.